Wiki Saba za Goti: Endebess hadi Bungoma na Kurudi

Akina mama wa kwaya, mmeniuliza mmoja mmoja mlangoni mwa kanisa, na kila mmoja nimempa kipande tu. Huyu nimemwambia habari za daktari, yule habari za chakula, mwingine nimemwambia nimepona, Mungu ni mwema, nikapita. Sasa nasikia vipande hivyo vimeunganishwa vibaya, hata kuna anayesema nimewekewa goti la plastiki. Kwa hiyo nimekaa, mguu umenyooka juu ya kigoda, nimeandika yote tangu mwanzo. Mambo ya fomu na kadi nimeyaacha. Hayo hayana utamu kwa yeyote.

Endebess hadi Kitale, ndani ya gari la maziwa

Asubuhi ile nilikuwa nimechuchumaa nakamua. Ng'ombe akashtuka, sijui alishtushwa na nini, akanisukuma kwa ubavu. Nikainuka huku nageuka, lakini mguu wa kushoto ulikuwa umezama kwenye tope. Mwili uligeuka, mguu ukabaki. Nikasikia ta! ndani ya goti, kama kijiti kikavu.

Nilifikiri ni kuteguka tu. Nikakandwa kwa samli siku tatu, uvimbe ukapungua, nikashukuru. Siku ya nne nikataka kunyoosha mguu, ukakataa. Si maumivu yaliyoukataza, ulikuwa umekwama, kama droo iliyoingia upande. Nikawa mtu wa kutembea kwa vidole vya mguu mmoja, nikishika ukuta.

Mume wangu, Simiyu, mnamjua. Maneno yake ni machache, huyatoa kama mtu anayetoa mbegu bora. Tumeishi pamoja miaka ishirini na minne, na katika miaka hiyo yote sijawahi kulala mbali na nyumba yetu zaidi ya siku mbili. Alinibeba mwenyewe mpaka kwenye pikapu ya maziwa, akaniketisha mbele kando ya dereva. Nilingoja aseme neno. Akashika dirisha, akaangalia matairi, akasema, "Ng'ombe nitakamua."

Basi. Gari likaondoka.

Pikapu hiyo husimama kila kituo cha maziwa, na kila kituo kina watu wenye habari. Kila aliyekuja na debe lake alichungulia ndani akaniuliza goti limepatwa na nini, na kila mmoja alikuwa na dawa: majivu, majani ya mpapai, mafuta ya kondoo. Mzee mmoja alinishauri nisile nyama nyekundu. Dereva alinyamaza mpaka tulipokaribia Kitale, ndipo akasema, "Mama, ukifuata yote hayo, utakufa na goti zuri."

Kitale, kikombe cha pili

Picha ya mifupa ilionyesha mifupa haina neno. Daktari wa Kitale, kijana mpole, alilishika goti akalizungusha kidogo, nikapiga kelele, akaacha. Akasema kilichoharibika hakionekani kwenye picha ile, na kwamba Bungoma kuna mpasuaji anayeingia ndani ya goti kwa kamera ndogo. Nimwone upesi, kwa sababu goti lililokwama halipaswi kuachwa.

Shemeji yangu Barasa, mume wa dada yangu Nafula, alikuwa anakuja kunichukua kutoka Kamukuywa. Akapata pancha. Halafu gurudumu la akiba nalo likawa halina upepo. Nikabaki nimesimama kwenye baraza la duka moja la spea za trekta, nimeegemea nguzo, saa tano asubuhi mpaka karibu saa tisa.

Mwenye duka alikuwa mzee Kalasinga, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe. Wafanyakazi wake walimwita Mzee Gurdip. Alinitazama mara mbili, mara ya tatu akatoka na kiti.

"Mama, kaa. Nguzo hiyo itaanguka na wewe."

Nikakaa. Akaniuliza, nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Mimi nauza spea miaka arobaini. Trekta ya aina yoyote, mimi iko na kitu yake. Lakini goti? Goti hakuna spea. Wakikuambia ngoja, wewe ngoja."

Akaingia ndani, akarudi na vikombe viwili vya chai ya tangawizi na mkate wa kukaanga wenye viazi ndani, moto, unachoma vidole. Nikamwambia asante, asingejisumbua.

"Hapana sumbua. Kila asubuhi mimi natengeneza kikombe mbili. Bibi yangu alienda Ulaya kusaidia msichana yetu na mtoto. Alisema miezi tatu. Sasa ni miaka mbili." Akacheka kidogo. "Mkono imezoea mbili. Hiyo ya pili inakuwa baridi, halafu mimi namwaga. Leo imepata mtu."

Nikainywa yote, mpaka majani ya chini. Nilipokuwa napandishwa kwenye gari la Barasa nilimwona anavikusanya vikombe, na hapo ndipo nilipomkumbuka Simiyu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa bado ni siku ileile niliyomwacha.

Bungoma, kukata au kushona

Mpasuaji alikuwa mwanamke, mfupi, sauti ya chini kiasi cha kukulazimisha unyamaze ili umsikie. Walinipiga picha nyingine, ndani ya mashine inayogonga kama mafundi wa mabati. Akaniletea ile picha, akaniwekea kidole.

"Ndani ya goti kuna gegedu mbili, umbo la mwezi mchanga. Hizi ndizo mto wa mifupa. Hii yako moja imechanika kwa urefu, na kipande kimeangukia katikati, kama mkono wa ndoo unapoangukia upande wa pili. Ndiyo maana goti halinyooki."

"Sasa?"

"Kuna njia mbili. Naweza kukikata kipande hicho nikakitoa. Baada ya wiki mbili tatu unatembea, unarudi kwa ng'ombe wako. Lakini mto ukipungua, mfupa utasaga mfupa, na goti litazeeka kabla yako. Njia ya pili ni kukirudisha mahali pake nikishone. Hapo itabidi uwe na subira. Wiki sita kwa magongo, hukanyagi. Kuchuchumaa, miezi kadhaa. Na hata ukifanya yote hayo, uzi unaweza kukataa."

Nikamwomba nimpigie mume wangu. Nikapiga mara nne. Endebess haikupatikana, mnajua mtandao wetu ukisikia mawingu tu unakimbia.

Nikakaa na ile simu mkononi. Wiki mbili na niko nyumbani. Nililisikia neno hilo, nyumbani, likinivuta kwa nguvu kabisa. Lakini nilimkumbuka mama yangu. Miaka yake ya mwisho aliimalizia kwenye kiti cha jikoni kwa sababu ya magoti, akiulizia shamba ambalo lilikuwa nyuma tu ya nyumba. Nina miaka arobaini na minne.

"Shona," nikasema.

Walinidunga sindano ya mgongo, miguu ikawa si yangu. Kilio cha mashine, mwanga, na kioo kama cha televisheni ambamo niliona ndani ya goti langu mwenyewe: peupe, pa kung'aa, kama yai la kuchemsha lililomenywa. Niliogopa, na nikiogopa mimi huimba. Nikaimba kwa sauti ndogo. Nesi akaniambia ninyamaze, daktari akasema, "Mwache. Anaimba vizuri. Kimerudi mahali pake, sasa nashona."

Nilipotoka nilimpata Simiyu kwa simu, lakini kwa vipande.

"Baba Wekesa, wamenikata!"

"Wamekukata?"

"Ndiyo, mguu wa kushoto, lakini..."

Simu ikakatika. Sikuhangaika. Kwetu kukatwa ni kupasuliwa, kila mtu husema hivyo. Nikalala.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Mama Khaemba wa Lwakhakha, anayevusha vitenge daraja la mpakani, mguu wake umefungwa plasta baada ya kuteleza na mzigo. Asubuhi yake jamaa zake walimletea ndizi za kupika na mchuzi wa karanga, akanigawia nusu bila kuniuliza. "Kura, mama, kura. Uji ya hospitali ni ya kuosha tu tumbo." Nilikuwa nimejaza mdomo ndizi nilipomwona Simiyu mlangoni.

Amevaa koti la kanisani. Kofia ameishika kwa mikono miwili. Hakunisalimu. Alikuja mpaka kitandani akatazama blanketi, akaweka mkono juu ya paja langu, akaushusha polepole: paja, lile fungu kubwa la bandeji, muundi, kifundo. Alipofika mwisho aliinua blanketi, akagusa vidole vya mguu kimoja kimoja, mpaka cha tano.

"Iko," akasema.

"Iko. Kwani ulifikiri nini?"

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akajipangusa uso kwa kofia. "Nilishamwambia fundi aje apime mlango. Autanue. Kiti cha magurudumu hakingepita."

Mama Khaemba alicheka mpaka plasta ikagonga chuma cha kitanda. Mimi pia nilicheka, halafu kicheko kikageuka, mnajua wenyewe kilikuwa nini. Simiyu alikula ndizi zangu zilizobaki, akaniuliza kama maumivu ni makali, nikasema kiasi. Saa sita alisimama. Ng'ombe walikuwa kwa jirani.

"Wiki sita," nikamwambia.

"Nimesikia." Akagusa tena kidole kikubwa cha mguu, juu ya blanketi, akaenda.

Kamukuywa, mlima kwa upande wake mwingine

Kwetu Endebess njia ni tope na nyumba iko juu ya mteremko. Daktari alikataza. Kwa hiyo nilipelekwa kwa dada Nafula, Kamukuywa, ambako nyumba imekaa tambarare na sakafu ni saruji.

Nafula alinipokea kwa salamu ya "Mulembe!" iliyosikika mpaka sokoni, na kwa sufuria. Yeye anaamini goti ni mlango, hivyo linahitaji grisi. Asubuhi supu ya mifupa, mchana ugali wa wimbi na mrenda, mboga ile ya kuteleza. Nikimwambia nimeshiba ananiambia, "Si wewe unakula, ni goti." Baada ya siku kumi na mbili za mrenda nilimwomba sukuma wiki kama mtu anayeomba msamaha.

Mara mbili kwa wiki alikuja mtaalamu wa mazoezi, Bwana Kundu, mtu mrefu asiyecheka. Alinifundisha kukaza msuli wa paja na kuhesabu mpaka kumi. Tu. Mguu umefungwa kwenye chuma, umenyooka, na mimi nakaza na kulegeza, nakaza na kulegeza. Mtu aliyezoea kukamua ng'ombe wanne kabla ya chai anaambiwa kazi yake ya siku ni kukaza paja. Paja lenyewe lilikuwa limenyauka. Niliona aibu kulitazama.

Nilikaa barazani. Kutoka pale mlima Elgon unaonekana, lakini si huu wetu. Kwetu mlima uko machweo, unalimeza jua. Pale Kamukuywa umekaa kaskazini, mabega yake yamegeuka, na mabonde ninayoyajua hayapo. Nilikuwa nautazama nikijiambia kwamba nyuma ya bega lile la kulia kuna moshi wa jiko langu. Halafu nakumbuka jiko langu halina mtu wa kuliwasha asubuhi, mwanetu Wekesa naye anafanya kazi mbali.

Simiyu alipiga simu kila siku saa moja. Mazungumzo yetu mnaweza kuyaimba wenyewe.

"Umeamkaje?"

"Vizuri. Wewe?"

"Vizuri. Yule mweusi ametoa lita tisa."

"Na ndama?"

"Anakunywa."

"Haya."

"Haya."

Baada ya hapo nilikuwa naishika simu iliyonyamaza dakika nzima. Nilitaka aniambie kitu kingine, na mimi mwenyewe sikumwambia. Ningesema nini? Kwetu hatukufundishwa. Nilikuwa namuuliza habari za banda la ng'ombe, kumbe nataka aniambie kama bado anaacha viatu mlangoni vikitazamana.

Wiki ya nne, asubuhi moja, jua lilikuwa limewaka Kamukuywa. Simu ikalia, na kabla hajasema neno nikasikia mvua. Ilikuwa inapiga mabati yetu. Mabati yale yana bati moja lililolegea upande wa chumbani, linalia kwa sauti yake, ti-ti-ti, na nililisikia waziwazi.

"Kunanyesha," akasema.

"Nasikia."

Siku hiyo mtandao haukukimbia. Hakuna aliyesema habari ya maziwa. Tukaisikiliza mvua mpaka salio lake likaisha.

Sijui niwaeleze vipi kilichonipata. Nafula alikuwa ameenda sokoni, Barasa yuko shambani. Nilichukua magongo, nikafunga kitambaa kichwani, nikatoka. Sikuchukua hata kikoba. Barabara ya Kitale iko hatua kama mia tatu kutoka lango la Nafula. Nilijua kila gari linalopita upande ule linaelekea kwetu.

Nilifika karibu kabisa. Kuna mtaro kando ya lami, mdogo, hata mtoto anauruka. Gongo la kulia likateleza. Ili nisianguke nilikanyaga, kwa mguu wa kushoto, uzito wangu wote. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno.

Mtu wa bodaboda aliyekuwa anangoja abiria, mwanamume wa makamo mwenye jaketi lililofifia, alikuja akanikalisha kwenye nyasi.

"Mama, unaenda wapi?"

"Endebess. Nibebe mpaka Kitale."

Akautazama ule mguu na vyuma vyake. "Mimi nimebeba mbuzi. Nimebeba kitanda. Juzi nimebeba jeneza, ukweli wa Mungu. Lakini huo mguu sibebi. Nani wako yuko karibu?"

Nilikataa kusema. Akaketi kando yangu, akakosa abiria wawili, mpaka Nafula akatokea na kikapu chake, akaniona, kikapu kikamponyoka. Nyanya zikatawanyika barabarani.

Nyumbani hakunigombeza. Aliniwekea kitambaa cha maji baridi kwenye goti, ambalo lilikuwa limeanza kuvimba, na mgongo akiwa amenigeuzia akauliza, "Nanjala, unakimbia nani? Nimekukosea nini?"

"Si wewe, dada."

"Nimekupikia. Nimekuogesha. Leo ningekuletea sukuma."

"Si wewe. Ni kwangu. Nataka kwangu tu."

Akageuka. Akaniona ninavyolia, akakaa kando yangu, akanishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo, mama akiwa shambani. "Basi lia," akasema. "Kulia hakukanyagi chini."

Kurudi Bungoma

Bwana Kundu alilitazama goti akasema jambo moja tu: tungoje siku ya daktari. Hakuniambia uzi umekatika, wala hakuniambia haujakatika. Zilikuwa wiki mbili ndefu. Nilikaza paja kuliko alivyoniagiza. Nilikula mrenda bila neno. Simiyu sikumwambia. Kila asubuhi nilimwambia niko vizuri, na kila asubuhi niliogopa kwamba nimeiongeza safari yangu kwa mikono yangu mwenyewe, kwamba nitafunguliwa tena, nishonwe tena, nihesabu upya.

Daktari alinifungua vyuma. Akaunyoosha mguu, akaukunja polepole, akabonyeza pembeni ya goti kwa kidole gumba. Akarudia.

"Ulianguka?"

Kundu hakuwa amemwambia. Nikasema yote: mvua, simu, mtaro. Nilisema haraka, kama mtoto anayetubu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Linanyooka lote," akasema. "Halinasi. Nikibonyeza hapa huumii. Uzi umeshika." Ndipo akanitazama usoni. "Una bahati, mama. Kama ungefika Kitale siku ile, leo tungezungumza mengine."

Akanipa ruhusa ya gongo moja. Nilikanyaga pale kwenye sakafu ya chumba chake. Baridi ya sakafu iliingia kwenye unyayo wangu wa kushoto, na nilisimama hapo nikiisikia mpaka nesi akaniuliza kama nimepata kizunguzungu.

Kisha nikakaa wiki nyingine moja kwa Nafula, ya kujifunza ngazi na mteremko, kwa sababu daktari alitaka hivyo. Safari hii sikutoroka. Siku ya kuondoka, Nafula hakutoka nje kuniaga. Nilimkuta jikoni amejishughulisha na moto ambao haukuhitaji kushughulikiwa. Kumbe nyumba yake nayo ilikuwa inabaki na pengo.

Nyumbani

Barasa alinishusha barabarani saa nane mchana. Simiyu alikuwa ananingoja, amekaa juu ya jiwe, na kwa namna alivyosimama nilijua amekaa hapo muda mrefu. Tulipanda pamoja. Yeye hutembea mbele siku zote, hatua ndefu, na mimi nyuma. Siku hiyo alikuwa pembeni, upande wa mguu mbovu, mkono wake hewani karibu na kiwiko changu, bila kunigusa.

Alikuwa amefagia. Sufuria zimesuguliwa hadi kwa nje, ambako mimi mwenyewe sisugui. Alinipikia chai, maziwa mengi mno, sukari hakuna, alisahau. Nikainywa.

Nikataka kuupumzisha mguu, nikaingia chumbani. Kitandani, upande wangu, palikuwa na gunia la mahindi. Gunia zima, limelazwa kwa urefu, limefunikwa blanketi mpaka shingoni.

"Baba Wekesa," nikaita. "Hili gunia linafanya nini hapa?"

Alikuja akasimama mlangoni. Alitazama dirisha. Alitazama dari.

"Kitanda kilikuwa kinainama upande mmoja," akasema.

Nikaweka mkono juu ya lile gunia.

"Nyumba hii ni kubwa sana, Mama Wekesa. Sikujua."

Nyumba yetu mnaijua. Ina vyumba viwili.

Aliingia, akalitoa gunia kitandani, akalitupia begani na kulipeleka ghalani. Akarudi. Akalichukua lile blanketi akalikung'uta nje ya mlango, mara ya kwanza, mara ya pili, akalitandika, kisha akapitisha kiganja juu ya shuka yote, taratibu, akitafuta kama kuna punje iliyobaki upande nitakaolala.